Moto Ulipita Hapa

Tusajigwe alinipigia simu asubuhi nikiwa natunga uzi kwenye sindano, na kabla hajasema la maana nilikwisha kujua. Mtu anayeanza kwa kukuuliza kama umekaa hana habari njema. "Mama mdogo," alisema, "mama ametutoka." Nikamwuliza nani alikuwa naye, nikamwuliza kama jana yake alikula, nikamwuliza kama mvua inanyesha huko, maswali yasiyo na kichwa wala miguu, kwa kuwa mimi nikishikwa na hofu huuliza. Wenzangu hulia. Mimi huuliza kwanza, kilio changu huja baadaye, jikoni, nikiwa peke yangu. Nilifunga duka, nikarudi kuangalia kama nimefunga, nikafika kona nikarudi tena, na jirani yangu anayeuza vocha akacheka kama anavyocheka kila siku. Ndani ya basi la Ifakara nilijaribu kumwaza mama yake, Paskalina wa miezi hii ya mwisho, aliyekonda na kuongea kwa taabu, nikashindwa. Aliyenijia ni Paskalina wa mwaka ule mmoja niliopanga chumba kwake Viwanja Sitini, tumbo lake mbele, kiganja chake juu ya jiwe, akiniambia, "Vero, hebu gusa na wewe."

Nilikuwa na miaka ishirini, nimeteremka kutoka Uchindile kuja kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa sokoni. Kwetu ni milimani, kuna baridi na mashamba ya miti, na mawe hayakosekani hata ndani ya sahani ya maharage. Ifakara ilinishangaza kwa kukosa mawe. Unaweza kutoka sokoni ukatembea mpaka kwenye majaruba ya mpunga usijikwae hata mara moja. Kote ni udongo wa mto, mweusi, ukilowa unakuvua viatu. Nyumba ya Paskalina ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu mstari mmoja, na kuta za ndani ziliishia kwenye mtambaapanya, juu yake wazi mpaka kwenye bati. Hilo ndilo jambo kubwa la kujua kuhusu nyumba ile. Ukipiga chafya chumba cha mbele, unaombewa afya kutoka chumba cha nyuma. Nilijua saa mwenye nyumba anapogeuka kitandani, na wao walijua kwamba mimi huamka kuangalia komeo. Ni mvua tu iliyotupa faragha, maana ikipiga bati hakuna aliyemsikia mwenzake vizuri. Leo nikilala kwenye nyumba yenye dari nzuri na kuta zilizofika juu, usingizi hunipaa kwa kukosa pumzi za watu.

Chumba cha mbele alipanga Mwalimu Ambakisye, kijana wa upande wa Tukuyu aliyefundisha jiografia shule ya sekondari. Alikuwa mwembamba, mpole, na hakujua kuongea na watu wachache, hata tukiwa wawili mezani alizungumza kama tumejaa darasa zima, na akimaliza hoja aliuliza, "Tuko pamoja?" Majirani walikwisha kutuoza kwa maneno yao. Sisi wenyewe hatukuwa na habari hiyo, au tuseme mimi nilikuwa nayo kidogo kisha ikapita. Kambale alimla kwa mashaka, akimgeuza geuza, akisema kwao samaki hana ndevu. Paskalina alimcheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, Mpogoro, mcheshi, mwenye mikono mikubwa. Mumewe alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Alikuwa mjamzito. Alikwisha kupoteza mimba mbili, zote zikiwa zimekua. Wanawake wa rika lake pale mtaani waliitwa mama fulani na mama fulani, yeye aliitwa Paskalina tu, jina la ubatizo, na kila lilipotajwa kwa sauti kisimani niliona linavyomchoma. Hospitalini walikuwa wamemwambia neno moja: safari hii usiende mbali na hapa.

Mvua zilipoanza, shimo la choo likatitia, ikabidi lichimbwe jingine nyuma ya jiko. Wachimbaji walipofika usawa wa kifua, sururu ikalia. Tulitoka wote kuangalia, kwa sababu pale kwetu sururu kulia ilikuwa habari. Wakatoa jiwe kubwa kuliko kichwa cha mtu, na mmoja wao alipolinyanyua akacheka, akasema ni jepesi, limeliwa ndani. Paskalina akalimwagia maji. Lilikuwa la kijivu, lenye uwekundu kwa mbali, na ndani yake vipande vyeusi vilivyobapa, vyote vimelala upande mmoja, mithili ya mbegu za maboga zilizokaliwa. Juu yake palikuwa na kibonde. Tukaliweka karibu na mlango wa jiko, watu wakaja kulitazama wakaondoka, na mimi nikarudi kwenye vifungo vya mashati ya fundi wangu bila kujua kwamba kitu kile kitatukalisha roho juu mpaka mpunga uive.

Mwalimu aliporudi jioni alilipigia magoti na suruali yake ya kazini. Alilibeba mpaka mkekani, tukala wali na perege jiwe likiwa kati yetu kama mgeni. Paskalina alikuwa amekula mapema akajilaza, mgongo unamuuma. Mvua ikaanza kupiga bati na Mwalimu akapandisha sauti ili darasa lake la mtu mmoja lisikose kitu. "Hili ni majivu, Veronika. Unaona jiwe, lakini ni majivu." Nikamwambia majivu nayajua, nazoa kila asubuhi. Akasema si ya kuni. Akasema kuna milima inayotapika, na mara nyingine haitoi uji wa moto unaosogea polepole ambao mtu anaweza kuukimbia. Hutoa majivu na hewa, vyote vya moto usioelezeka, vizito mno hata vikashindwa kupaa, basi vinaporomoka na kutiririka bondeni kwa kasi kuliko treni, vikifunika kila kitu. Yakitua, majivu yale bado yana moto mkali kiasi kwamba chembe zinashikana zenyewe, hakuna saruji wala maji. Vile vipande vyeusi vilikuwa mawe mepesi yenye matundu. Vililainika kwa joto, uzito wa juu ukavibapa. "Kwetu yako mengi," alisema. "Bibi yangu alijengewa jiko kwa hayo." Kisha akaweka kidole juu ya jiwe, akasema kwa nguvu, mvua nayo ikizidi, "Moto ulipita hapa. Hapa!" Nikamwuliza kama bado umo. Akacheka, akasema ulipoa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Lakini cheko lile na maneno yale sidhani kama yalivuka ukuta.

Asubuhi yake nilimkuta Paskalina ameinama mlangoni mwa jiko, kiganja juu ya jiwe. Nilidhani anajiegemeza. Kesho yake akawa pale tena. Wiki zikapita, na ikawa ndilo jambo lake la kwanza kila alipoamka, kabla ya kunawa uso. Jioni, jua likiwa limelipiga siku nzima, aliniita. "Vero, hebu gusa na wewe. Si lina joto?" Nikagusa. Lilikuwa na joto. Nikamwambia ni jua, dada. Akaniangalia kama mtu aliyetegemea jibu hilo. Alianza kuuliza mambo kwa mzunguko: kama kwetu Uchindile ardhi huwa inatetemeka, kama nimesikia harufu, mbona vyura wamenyamaza. Vyura walikuwa hawajanyamaza hata kidogo. Chakula kikaanza kumshinda. Uji wa mchele aliokuwa akiupenda ulibaki kikombeni ukaota ngozi. Na mimi, ambaye nilikaa mkekani pale nikasikia somo zima, nilijikuta nikipita na ndoo nainama nagusa. Nilijua kwamba ni jua. Nilijua kama ninavyojua leo kwamba nimefunga duka. Hofu haikuombi ushahidi, inakuomba mkono tu uguse tena, na ukigusa umekwisha kuipa chakula chake cha siku hiyo. Mwalimu hakuona lolote. Alitoka alfajiri na chaki zake, akarudi na madaftari.

Masika ilipofika kileleni, mto Kilombero ukatoka kwenye kingo zake kama ulivyo utaratibu wake, ukalala juu ya mashamba. Ndipo siku moja ya Jumapili, tumekula ugali na matembele, Paskalina akasema kwa sauti ya kawaida tu, akikusanya sahani, "Wiki hii nakwenda Malinyi kwa mama. Nitajifungulia huko." Nilidhani sijasikia. Nikamwuliza kuhusu kivuko. Akasema kama kivuko kimesimama, mitumbwi ipo. Nikamwuliza kuhusu barabara ng'ambo. Akasema barabara ni ya Mungu. Nikamkumbusha maneno ya hospitali, akaweka sahani chini.

"Hospitali haihamishi ardhi," alisema. "Mimi siwezi kuzalia juu ya moto. Kwa mama chini kuna maji matupu, hata ukichimba kwa kijiko."

"Moto gani, dada?" Mwalimu akauliza, na kwa kweli hakujua.

"Unaniuliza mimi? Si wewe mwenyewe ulisema. Nilikuwa nimelala hapo, nikakusikia kwa masikio yangu. Moto utapita hapa."

Mwalimu aliweka kikombe chake cha chai chini. Kisha akasema polepole, "Ulipita. Nilisema ulipita, dada. Li. Ni wakati uliopita." Akaandika ile silabi hewani kwa kidole, kama vile ubao uko mbele yake. "Na hapa maana yake ndani ya jiwe. Nilikuwa nimeligusa. Veronika ni shahidi." Nikasema ni kweli, aligusa, nilikuwa namwona.

Paskalina alitusikiliza wote wawili kwa utulivu ulionitisha kuliko kama angegomba. "Mwalimu," alisema, "mimba ya kwanza waliniambia usihofu. Ya pili wakaniambia usihofu. Watu wakishaona tumbo langu hubadilisha maneno. Siku ile hukujua kama nasikia, ndiyo maana ulisema ukweli. Leo unaniona, umeweka li."

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimebishana na wateja, na mume, na mafundi wa umeme, na sijawahi kusikia hoja iliyonifunga mdomo namna ile. Ungemjibu nini? Kila tulichosema kumtuliza kiligeuka kuwa ushahidi wa upande wake. Mwalimu hakumaliza chai. Usoni alionekana kijana mdogo sana, na alibaki akizungusha kikombe, akinong'ona kwamba udongo wa hapa ni wa mto, umeletwa na maji, jiwe kama lile haliwezi kuzaliwa hapa. Lingekuwa la hapa, lingekuwa na wenzake, tabaka zima. Neno hilo ndilo lililonishika. Kama halina wenzake, basi limeletwa. Na kama limeletwa, kuna mtu alilileta. Mimi si mtu wa mawe, lakini maswali nayajua, nikatoka kwenda kuuliza.

Mama aliyeuza maandazi pale kona alikuwa ndiye daftari la mtaa. Aliniambia kiwanja kile zamani kilikuwa cha fundi wa reli, Mzee Asajile, mtu wa Mbeya, ambaye mkewe alifariki katika nyumba iliyokuwapo kabla ya hii, naye akauza, akahamia Mlimba karibu na stesheni. Kuhusu jiwe hakujua kitu. Nilikwenda kwa fundi wangu nikadanganya kwamba kwetu kuna mgonjwa, nikamwambia Mwalimu amshikilie Paskalina mpaka nirudi, amwombe, akatae kumpa ufunguo, lolote, nikapanda treni. Njia nzima maji yalikuwa pande zote mbili. Niliwaza kwamba naacha mjamzito peke yake ili nikamwulize mzee nisiyemjua kuhusu jiwe, na kila stesheni tuliyosimama nilitaka kushuka nirudi. Sikushuka kwa sababu moja tu, kwamba kurudi mikono mitupu kulikuwa kubaya zaidi.

Mzee Asajile nilimkuta anamenya viazi. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba mjukuu wangu kama tulioagana juzi, akanikaribisha jikoni kwa sababu nje kulikuwa na manyunyu. Sikuhitaji kuuliza. Kando ya jiko lake, sufuria imesimamishwa juu ya vyuma, yalikuwapo mawe mawili ya kijivu yenye uwekundu, vipande vyeusi vimelala upande mmoja, na juu ya kila moja kibonde kile kile. Nilikaa chini bila kuambiwa. Nikamweleza kila kitu, mpaka na silabi ya Mwalimu. Hakucheka. Alisema, "Lile nililizika mimi."

Akanihadithia akiendelea na viazi vyake. Mkewe alikuwa akiitwa Tusajigwe. Walipohamia Ifakara alihangaika na mafiga. Ya udongo yalimong'onyoka, na jiwe la mtoni lililoletwa kutoka mbali lilipasuka siku ya kwanza, kipande kikamchana shavu. "Akaniambia, jiwe la mtoni lina maji tumboni, ukilipa moto linashtuka. Nenda nyumbani ukaniletee yale ya kwetu. Yale yalikwisha kuona moto mkubwa kuliko wa kuni zangu, hayana la kuogopa tena." Basi likizo ilipofika akayaleta matatu kwa treni, akayachonga vibonde kwa tindo ili chungu kikae. Alipikia hapo mpaka alipokufa. "Siku tuliyomzika nilirudi nikaona mafiga matatu yananiangalia, mwenyewe hayupo. Nikachimba nyuma ya jiko, nikalizika moja. Si mila ya mtu yeyote, mjukuu wangu. Nilikuwa na hasira tu. Nilichimba kama kaburi." Aliniwekea viazi na chumvi, akasubiri nile, kisha akanichagulia jiwe moja na kulifuta kwa kanga iliyochakaa, nadhani ilikuwa ya marehemu. "Mpelekee. Mwambie hili lilipika."

Kurudi ndiko kulikonitoa jasho. Udongo ulikuwa umeporomokea reli mahali fulani mbele, treni haikuja siku hiyo, na stesheni nzima tulikaa juu ya mizigo tukipeana habari zisizo na uhakika. Jiwe lilikuwa mapajani mwangu. Kijana mmoja akaniuliza kama ni dhahabu. Nilipofika Ifakara kesho yake, niliwekea jiwe ngata nikajitwika, nikakimbia anavyoweza kukimbia mtu mwenye jiwe kichwani. Mlango wa Paskalina ulikuwa na kufuli. Mwalimu hakuwapo, alikuwa kwenye mitihani. Mama wa maandazi alinyoosha mkono kabla sijauliza. "Amepita hapa na baiskeli ya kukodi, mwanangu, na beseni lake. Kivukoni."

Sikumbuki nauli wala mwenye baiskeli, nakumbuka alilalamika kuhusu jiwe na mimi nikamwambia kanyaga, kaka yangu, kanyaga. Kivukoni mto ulikuwa umekwenda mpaka kwenye miti, rangi ya chai ya maziwa. Kivuko kilikuwa kimefungwa kamba. Watu walikuwa wakipakiwa kwenye mitumbwi, magunia kwanza, kuku, kisha wao. Paskalina alikuwa ameketi juu ya beseni lililofunikwa, miguu ameitanua, anajipepea kwa ncha ya kitenge, na zamu yake ilikuwa karibu. Aliponiona hakushangaa. "Usinisemeshe, Vero," alisema. "Nimechoka kusemeshwa."

Sikumsemesha. Nilishusha jiwe nikaliweka mbele ya miguu yake. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mlimba, ya Mwalimu na ya mzee, yote yakapotea. Alilitazama. Akainama kwa shida, akaweka kiganja, na nikaona uso wake ukisubiri joto. Lilikuwa limelala stesheni usiku kucha, lilikuwa baridi. Akapapasa upande mmoja, akapapasa wa pili, akaangalia vidole vyake. Vilikuwa vyeusi. Akavinusa. Akaingiza kidole gumba kwenye kile kibonde, akakizungusha taratibu mle ndani, kama mtu anayepima shingo ya nguo.

"Hili ni figa," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Na letu?"

"Na letu pia. Na la tatu liko Mlimba. Yalikuwa ya mama mmoja. Alikaa pale kwetu."

Mwenye mtumbwi akaita. Paskalina hakugeuka. Aliniuliza, "Alipata watoto?" Nikasema mzee hakunihesabia, lakini alisema alipika hapo mpaka wakamkimbia kwenda kuoa na kuolewa. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo mzee alivyosema, na namshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimemwuliza, maana mimi huuliza. Mwenye mtumbwi akaita tena, akamwita mama. "Nenda tu, baba," alijibu. "Mimi nimesahau kitu nyumbani."

Mtumbwi ule ulivuka salama, lazima niseme hivyo, hakuna aliyelowa. Huko ng'ambo barabara ya Malinyi ilikuwa imekatika, na wenye haraka walilala njiani. Sisi tulirudi na baiskeli mbili, yangu na jiwe, yake na beseni. Tulipokaribia mjini nilimwona anamgonga mwendeshaji wake begani, akimwambia kitu, na baiskeli yake haikukata kuelekea Viwanja Sitini, ikanyoosha moja kwa moja hospitali. Nilipomfikia kitenge chake kilikuwa na damu. Hakulia. Alinishika mkono na ile mikono yake mikubwa mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, akasema, "Vero, ulipita, si ndiyo? Sema." Nikasema ulipita, dada. Akasema nirudie. Nilirudia kwenye veranda, nilirudia baada ya mlango kufungwa na yeye hanisikii tena, mchana kutwa, huku Mwalimu aliyekuja mbio na chaki mikononi akiwa amekaa kando yangu, kichwa chini, kwa mara ya kwanza hana somo. Sijawahi kuogopa hivyo tena maishani, na nimeogopa mengi. Muuguzi alipotoka alituuliza, "Ndugu wa Paskalina ni nani?" Tulisimama wote wawili. Akasema ni binti, mdogo lakini analia, na mama yake anataka uji.

Walimwita Tusajigwe, jina la watu wa Mbeya ambalo pale Ifakara mpaka leo linawafanya watu wamwulize Mpogoro mzima amelitoa wapi. Mwaka uliofuata mimi nilihamia Morogoro, Mwalimu akahamishwa, na nyumba ikapata kuta zilizofika juu. Mzee Asajile alipofariki, watoto wake walileta lile jiwe la tatu kwa treni bila kuambiwa na mtu.

Nilifika msibani kukiwa na jua bado. Siku hizi hakuna mto wa kusubiri, kuna daraja, na ndugu wa Malinyi walikuwa wameshafika asubuhi. Turubai limefungwa, wanaume nje, wanawake ndani, na nyuma ya jiko masufuria makubwa yakichemka juu ya matofali. Sufuria dogo la uji wa wazee lilikuwa pembeni, juu ya mafiga matatu ya kijivu. Tusajigwe alinikumbatia akaniongoza pale pale. Ni mwanamke mzima sasa, ana mikono ya mama yake. Nilikuwa na swali tangu kwenye basi na sikuweza kulizuia: nilimwuliza ni lipi watakalolizika. Alinielewa mara moja, hadithi ile ameilalia na kuiamkia.

"Hata moja," alisema. "Mama alikataza. Alisema mtu akija kuchimba choo atalikuta, ataogopa bure. Alisema wewe hasa usiruhusiwe."

Nilicheka, na katikati ya kicheko ndipo kilio changu kikanikuta, mbele ya watu, bila kusubiri jikoni. Niliinama nikaweka kiganja juu ya jiwe lililokuwa karibu, kama tulivyokuwa tukifanya mimi na yeye. Lilikuwa la moto. Tusajigwe akaniambia, "Mama mdogo, toa mkono, utaungua." Sikuutoa mara moja.